Safari ndefu za ndege kwa wasafiri wa Lamu na Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kwa watu wanaotoka Lamu, Malindi na vijiji vya karibu kwenda umra, kazini Ghuba, masomoni, au kuwaona jamaa Ulaya na Marekani. Majibu yamekusudiwa mtu mwenye afya ya kawaida. Wenye maradhi, wajawazito na waliofanyiwa upasuaji waanzie swali la 14, tena kabla ya kukata tiketi.

## Kabla ya kuondoka nyumbani

1. Safari ndefu huhesabiwa kuanzia muda gani?

Kwa upande wa afya, mpaka unaotajwa ni kukaa kitako zaidi ya saa 4 mfululizo, iwe ndegeni, basini au kwenye gari moshi. Hapo ndipo msafiri wa Pwani anapojikosea hesabu. Anatazama tiketi, anaona Nairobi hadi London ni takribani saa 9, basi anajiandaa kwa saa 9. Lakini alipanda basi Mokowe alfajiri, akapita Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, akaingia gari moshi la Miritini hadi Nairobi, akakaa kwenye kiti cha chuma uwanjani mpaka usiku. Anapofunga mkanda wa ndege miguu yake imeshakunjwa karibu mchana kutwa.

Hesabu safari tangu mlangoni kwako. Ukiweza, lala Mombasa au Nairobi usiku mmoja katikati. Gharama ya chumba ni ndogo ukilinganisha na siku tatu za kuumwa ulikokwenda.

2. Nipande ndege Manda au nishuke Mombasa kwa barabara?

Kwa mzee, mjamzito au mtu mwenye miguu inayovimba, ndege ya Manda ni bora, kwani inafuta saa nyingi za kukaa. Ila angalia mambo matatu.

Kwanza, baadhi ya ndege za Lamu hutua Wilson na nyingine hutua Jomo Kenyatta. Ukitua Wilson huku ndege yako ya nje iko Jomo Kenyatta, una safari ya gari kuvuka mji, na foleni ya Nairobi haina mwenyewe. Acha nafasi ya saa 5 au zaidi baina ya ndege mbili, au ruka siku moja kabla. Pili, ndege ndogo nyingi hukubali kilo 15 tu za mzigo, wakati tiketi ya nje inaweza kukuruhusu 23 au zaidi. Tatu, kuna kivuko cha boti hadi Manda. Wakati wa kusi bahari huchafuka na maji hurukia ndani, kwa hivyo dawa na pasipoti viwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Wa Malindi ana nafuu: barabara ya Mombasa ni kilomita 120 hivi. Teremka Kilifi unyooshe miguu.

3. Tiketi imeandikwa Ijumaa 00:40. Niwe uwanjani lini?

Alhamisi usiku, saa tatu na nusu hivi. Saa 00:40 ni saa sita na dakika arobaini za usiku, dakika arobaini tu baada ya Ijumaa ya kizungu kuanza. Wazee wanaohesabu siku tangu magharibi hawakosei hapa, kwa sababu kwao huo ni usiku wa Ijumaa wazi kabisa. Wanaoachwa na ndege ni vijana wanaosema «Ijumaa usiku» na kutokea uwanjani siku nzima baadaye.

4. Nivae nini?

Nguo pana, tabaka mbili au tatu. Suruali ya kubana nyongani na magotini huzuia damu kurudi juu. Kanzu, dera au gauni pana vinafaa sana. Viatu viwe vya kulegezwa, maana mguu utaongezeka ukubwa na kiatu kipya hakitaingia tena wakati wa kutua.

Chukua kikoi au leso mbili kwenye mkoba. Ndani ya ndege ni baridi kwa mtu aliyezoea joto la Lamu, na blanketi ya ndege ni nyepesi. Leso hiyo hiyo ni mto ukiikunja, ni pazia la kunyonyeshea, na ni ya kutandika chini mtoto akichezea sakafuni uwanjani. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi zote hizo.

5. Nile nini siku ya safari?

Chakula chepesi unachokijua. Mbaazi za nazi na mahamri viachie siku nyingine, pamoja na maharagwe, kabichi na soda. Sababu iko kwenye swali la 7. Wali kidogo na samaki wa kuchoma, ndizi au mkate utakupeleka vizuri. Usipande na njaa pia, maana tumbo tupu huongeza kichefuchefu.

6. Dawa zangu niziweke wapi?

Zote kwenye begi la mkononi, ndani ya paketi zake zenye jina lako, pamoja na barua ya daktari. Beba za siku kadhaa zaidi ya unazohitaji, kwa sababu mzigo wa chini huweza kuchelewa au kupotea. Kanuni ya majimaji ya mililita 100 kwenye viwanja vingi haizuii dawa unayoihitaji safarini, ila lazima uionyeshe mkaguzi.

Dawa za maumivu zenye tramadoli au kodeini ni jambo zito Saudia na Imarati. Huko zinadhibitiwa kama dawa za kulevya, na aliyezibeba bila kibali anaweza kukamatwa. Miraa ni haramu kisheria katika nchi hizo, na Uingereza tangu 2014. Usikubali kumbebea mtu kifurushi ambacho hukukifunga mwenyewe, hata awe jirani wa mtaa mmoja.

## Angani

7. Kwa nini tumbo hujaa gesi na kichwa kuwa kizito?

Ndege huruka mita 10,000 na zaidi, lakini hewa ya ndani hushindiliwa ili ifanane na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa lugha ya hapa kwetu, unakaa baina ya Nairobi na Nyahururu. Anayeishi Nairobi haoni tofauti kubwa. Wewe uliyetoka usawa wa bahari asubuhi ile ile utaiona: pumzi fupi kidogo, uchovu, kichwa kizito.

Gesi nayo hutanuka shinikizo likipungua. Hewa iliyomo tumboni huongezeka ujazo kwa robo mpaka thuluthi, na ndiyo maana mbaazi zilizokaa kimya ukiwa Malindi huanza fujo juu ya Sudan.

8. Ninywe maji kiasi gani?

Glasi ndogo, mililita 150 hadi 250, kwa kila saa uliyo macho inatosha watu wengi. Hewa ya ndani ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na mtu wa Pwani hajazoea ukavu huo. Midomo hupasuka, macho huwasha, pua huuma. Paka mafuta midomoni, vua lenzi za macho uvae miwani, na tumia matone ya maji chumvi puani.

Chai na kahawa si sumu, lakini zisiwe ndizo maji yako. Wapo wanaojizuia kunywa ili wasisumbue jirani kwenda chooni. Hilo ni kosa mara mbili: unakauka, na unakosa sababu ya kuinuka.

9. Masikio yangu huuma vibaya ndege ikishuka. Nifanye nini?

Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaopeleka hewa kwenye sikio la kati. Ndege ikipanda hewa hutoka yenyewe. Ikishuka, hewa inapaswa kuingia, na mrija hujibana. Kwa hiyo kazi yote iko katika nusu saa ya mwisho.

Amka ndege inapoanza kushuka. Aliyelala hamezi mate vya kutosha. Tafuna chingamu, nyonya peremende, piga mwayo. Isipotosha, ziba pua kwa vidole, funga mdomo, kisha sukuma pumzi polepole kama unayepenga kamasi mpaka usikie «tap». Usisukume kwa nguvu, unaweza kuumiza ngoma ya sikio. Namna nyingine iliyo laini zaidi ni kuziba pua na kumeza mate.

Mwenye mafua apulize dawa ya kuzibua pua nusu saa kabla ya kushuka. Mwenye presha amuulize mfamasia kwanza, maana baadhi ya dawa hizo hupandisha shinikizo la damu. Mafua makali yenye maumivu ya sikio au usoni ni sababu ya kutosha ya kuahirisha safari.

10. Miguu yote miwili huvimba. Ni hatari?

Kwa kawaida hapana. Damu na maji hushukia chini kwa sababu misuli ya mashavu ya miguu (nyuma, chini ya goti), inayofanya kazi kama pampu ya kuvirudisha juu, imelala. Uvimbe wa miguu yote miwili usio na maumivu huondoka baada ya siku moja au mbili za kutembea.

Kinachoogopwa ni mgando wa damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Kwa watu wenye afya ni nadra: Shirika la Afya Duniani lilikadiria takribani mtu 1 katika 6,000 kwa safari zinazozidi saa 4. Lakini hatari huongezeka kwa mwenye mimba au aliyejifungua ndani ya wiki 6, anayetumia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, mwenye saratani, mnene sana, aliyepasuliwa karibuni, na hasa aliyewahi kupata mgando. Dalili ziko swali la 21.

Kinga ni kutumia pampu ile. Kila nusu saa, kandamiza vidole vya miguu sakafuni ukiinua visigino, kisha geuza: visigino chini, vidole juu, mara 20. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Usiweke begi mbele ya miguu. Hiyo ndiyo nafasi yako pekee ya kunyoosha. Usikae umekunja nne.

11. Soksi za kubana zinasaidia? Na aspirini je?

Soksi zinasaidia, zikiwa sahihi. Zitafute zenye mbano wa milimita 15 hadi 30 za zebaki, zinazoishia chini ya goti, na zinunuliwe kwa kupima mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu. Zivae asubuhi kabla mguu haujavimba, yaani kabla ya basi la Mokowe, si ukiwa umeshafika lango la ndege. Zikijikunja juu zinakaza kama kamba na madhara yake ni makubwa kuliko kutovaa. Mwenye kisukari kilichoharibu mishipa, au miguu ya baridi yenye vidonda, asizivae bila daktari.

Aspirini kwa ajili ya safari tu haipendekezwi. Inaweza kutia vidonda vya tumbo na kutoa damu, na faida yake dhidi ya mgando wa aina hii ni ndogo. Kama umeandikiwa kwa ajili ya moyo, endelea nayo.

12. Kiti gani ni bora?

Cha kando ya ujia kwa mwenye miguu au kibofu cha taabu. Cha dirishani kwa anayetaka kulala. Juu ya bawa kwa anayetapika. Viti vya mlango wa dharura vina nafasi, lakini wazee, watoto na wajawazito hawaruhusiwi.

13. Nilale vipi? Naweza kumeza dawa ya usingizi?

Dawa kali za usingizi hukufanya ukae umejikunja saa 6 bila kugeuka, jambo linalorudisha tatizo la swali la 10. Ziache. Aliyetafuna miraa au muguka mchana kutwa ili «amalize safari macho» atafika hajalala na amekauka. Funika macho kwa kitambaa, ziba masikio, funga mkanda juu ya leso ili mhudumu asikuamshe kuukagua.

Dawa za kichefuchefu kama sinarizini na promethazini humezwa kabla ya kusafiri, si baada ya kuanza kutapika, nazo pia huleta usingizi. Tangawizi mbichi ya kutafuna huwasaidia wengine.

## Wenye hali zao

14. Mamangu ana presha na sukari. Anaweza kuruka?

Presha iliyodhibitiwa haizuii. Ameze dawa kama kawaida, pamoja na ile ya kukojoza ambayo wengi huiruka siku ya safari kwa kuogopa foleni ya choo. Apimwe wiki moja kabla ili kuwe na nafasi ya kurekebisha dozi.

Insulini isiende kwenye mzigo wa chini, inaweza kuganda kwa baridi na ikaharibika. Awe na kitu kitamu mkononi, kama tende, endapo chakula kitachelewa. Kuhusu saa: Saudia na Qatar zina saa zilezile za Kenya, basi hakuna cha kubadili. Uingereza ni tofauti ya saa 2 au 3, nayo huwa haihitaji mabadiliko makubwa. Marekani na China ni habari nyingine. Ukielekea magharibi siku hurefuka na huenda akahitaji dozi ya ziada, ukielekea mashariki hufupika. Daktari wake aandike ratiba hiyo kwenye karatasi kabla ya kuondoka.

15. Mjamzito anaruhusiwa mpaka lini?

Mashirika mengi huruhusu hadi wiki 36 kwa mimba ya mtoto mmoja na wiki 32 kwa mapacha, na hudai barua ya daktari kuanzia wiki 28. Kila shirika lina kanuni zake, na huhesabu pia safari ya kurudi. Mkanda ukae chini ya tumbo, juu ya nyonga.

16. Mtoto mchanga?

Ngoja angalau siku 7 tangu azaliwe, ikiwezekana zaidi. Mnyonyeshe ndege ikishuka; kumeza ndiko kunakomzibua masikio. Beba pampasi za saa zote za safari tangu nyumbani, kisha ongeza za nusu siku.

17. Nina selimundu. Nisisafiri?

Siko seli, kama wengi wanavyoiita, iko katika familia nyingi za Pwani, kwa hivyo swali hili huja sana. Mwenye kubeba kinasaba kimoja tu huruka bila shida. Mwenye ugonjwa wenyewe amuone daktari kwanza, kwani hewa yenye oksijeni chache, baridi na ukavu vyote vinaweza kuamsha maumivu. Anywe maji zaidi ya kiwango cha swali la 8, ajifunike vizuri, abebe dawa zake za maumivu (soma tena swali la 6), na aulize mapema kama atahitaji oksijeni ndegeni. Asiruke akiwa katikati ya maumivu. Yeyote ambaye kipimo chake cha damu (hemoglobini) kiko chini ya gramu 8 kwa desilita apate ushauri kabla ya kukata tiketi.

18. Nimefungwa plasta mguuni, au nimefanyiwa upasuaji.

Plasta ngumu iliyofungwa karibuni: ngoja saa 48 kabla ya safari ndefu, au ipasuliwe kwa urefu, kwa sababu mguu utavimba na plasta haitanuki. Upasuaji mkubwa wa tumbo: angalau siku 10. Upasuaji wa jicho ambao daktari aliacha povu la gesi ndani: usiruke kabisa mpaka aseme gesi imeisha. Povu hilo likitanuka linaweza kukupofusha.

19. Nilizamia Watamu asubuhi. Naweza kuruka jioni?

Kwa mtungi wa hewa, hapana. Baada ya mzamo mmoja mwepesi ngoja saa 12, baada ya mizamo kadhaa saa 18, na wengi huchagua 24 kuwa salama. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu shinikizo likipungua. Wengi hudhani basi na gari moshi ni njia ya kukwepa kanuni hii, lakini Nairobi yenyewe iko mita 1,800 juu ya bahari.

20. Nafunga, au nimehirimia. Je?

Anayefunga safarini anafuata jua analoliona kutoka ndegeni, si saa ya nyumbani. Ukielekea magharibi mchana hurefuka, na kukauka kwa swali la 8 huongezeka. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Mwenye kisukari au presha aichukulie ruhusa hiyo kwa uzito. Waliokwisha kuhirimia wanaweza kujifunika leso au blanketi dhidi ya baridi, wanaume wakiacha kichwa wazi. Soksi za swali la 11 kwa mwanamume aliyehirimia zina hukumu yake. Mwenye udhuru wa kiafya amuulize shekhe wake kabla ya kuondoka, ajue kama atatoa fidia, asije akazivua mwenyewe angani kwa wasiwasi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayodaiwa na Saudia ichomwe angalau siku 10 kabla.

## Baada ya kufika

21. Dalili gani zinipeleke hospitali?

Mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake, wenye maumivu kwenye shavu la mguu, joto au wekundu. Nenda siku hiyo hiyo, na usiukande kwa mafuta. Kifua kuuma ukivuta pumzi, pumzi kukatika ghafla au kukohoa damu ni dharura. Dalili huweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kutua, wakati mtu ameshasahau safari, kwa hivyo mwambie daktari ulisafiri.

22. Usingizi utarudi lini?

Jeddah na Doha, usiku huo huo. Uchovu wa huko ni wa safari tu. Kwa New York, ambako tofauti ni saa 7 au 8, kadiria siku moja kwa kila saa moja au moja na nusu. Kula na ulale kwa saa za huko tangu siku ya kwanza, toka nje juani. Jua la jioni husaidia aliyeelekea magharibi, la asubuhi aliyeelekea mashariki.

23. Nimefika Ulaya na sasa nina homa. Ni baridi tu?

Usiamue hivyo. Homa yoyote ndani ya miezi 3 tangu utoke Pwani ipimwe malaria, na umwambie daktari waziwazi unakotoka, kwa sababu wengi huko hawaifikirii. Kwa upande wa pili, aliyeishi Ulaya miaka kadhaa kinga yake dhidi ya malaria imepungua. Anaporudi Malindi likizo anahitaji vidonge vya kuzuia na chandarua kama mgeni mwingine yeyote, hata kama alizaliwa Shela na hajui kula wali bila nazi.